Kupe wa Kerugoya: kuku, majani au dawa ya duka?

Ukitoka Kerugoya ukipanda kuelekea Kangaita, kahawa inakuacha na chai inakupokea, na kati ya shamba na shamba bado kuna vipande vya miti ambavyo wenyewe wamekataa kuvikata: miringa, mikoigo, migrevilea mizee iliyopandwa zamani kuipa kahawa kivuli. Wengi wanaoishi humo wana mbwa wawili watatu, paka wa kukamata panya, na ng'ombe mmoja au wawili zizini. Kupe nao wamo. Na suala la kupe limekuwa la ugomvi, kwa sababu wapo wanaotaka kuwaondoa bila sumu, na wapo waliozeekea kwenye josho wanaoona huko ni kujitafutia hasara.

Nimeupanga mjadala huu kwa sauti tatu. Si za watu watatu fulani. Ni hoja zinazosikika huku kila mahali, kwenye foleni ya agroveti, kwenye kituo cha kupokea maziwa, nje ya kanisa Jumapili, nami nimezipa vinywa. Mwalimu ni mama mstaafu mwenye eka mbili za miti, mizinga ya nyuki, mbwa watatu na paka. Mzee ni jirani yake, aliyewahi kufanya kazi joshoni. Daktari ni kijana wa mifugo. Pale ninapoona mmoja wao amepotoka, nitasema.

MZEE: Mwalimu, nakuheshimu, lakini huo msitu wako ndio nyumba ya kupe. Fyeka, nyunyiza kila wiki, mambo yaishe. Enzi za josho ng'ombe wote wa kijiji walipita majini kila wiki, na hakuna aliyeuliza maswali.

MWALIMU: Na josho liko wapi leo, Mzee?

MZEE: Lilikufa. Serikali ilipowaachia wanakijiji majosho, miaka ile ya tisini, kamati zikakosa pesa za dawa. Ukuta ukapasuka, mabati yakaenda.

MWALIMU: Ndiyo maana nasema. Sasa kila boma lina pampu yake na kila mtu anachanganya anavyojua. Huyu anatia nusu ya kipimo ili chupa imfikishe mwisho wa mwezi. Yule anamwaga mabaki mtaroni, mtaro unaingia mtoni, na maji ya huku yanateremka hadi kwenye mpunga wa Mwea. Mimi nina nyuki. Nina paka anayejilamba siku nzima. Kwa nini nilete sumu nyumbani kwangu kila wiki?

DAKTARI: Kwa hilo la nusu ya kipimo nakuunga mkono, Mwalimu. Dawa ikiwa hafifu, kupe dhaifu wanakufa na wale wagumu wanabaki kuzaana. Hivyo ndivyo dawa ya amitrazi ilivyoanza kushindwa baadhi ya sehemu za nchi hii. Na dawa za jamii ya pairethroidi zinaua samaki na nyuki kwa kiasi kidogo sana. Lakini ukisema utatumia mbinu za asili, nitakuuliza: asili ipi?

MWALIMU: Mwarobaini. Pareto. Kuku. Majani ya thageti.

DAKTARI: Tuyachukue moja moja.

Mwarobaini haukawii kuondoka mezani. Ni mti wa joto, wa Pwani na wa Ukambani. Huku kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 unadumaa kwa baridi. Mafuta yake yanayouzwa kwenye chupa yametoka mbali, na ni vigumu kujua yana nguvu gani. Mtu wa Kerugoya anayejenga ulinzi wake juu ya mwarobaini anategemea kitu asichoweza kukiotesha.

Pareto ni habari nyingine. Kenya iliwahi kuwa mzalishaji mkuu wa pareto duniani, na maua hayo meupe bado yanalimwa Nyandarua na Nakuru. Dawa yake halisi inawaua kupe, kisha jua linaivunja kwa muda mfupi. Sifa hiyo ina faida kwa mto na kwa nyuki, na hasara kwa anayetaka kinga ya wiki nzima kwenye manyoya ya mbwa. Daktari angeitumia ndani ya nyumba, kwenye nyufa ambako jua halifiki, na bado angemtoa paka kwanza. Nakubaliana naye.

MWALIMU: Na kuku? Usiniambie kuku hawali kupe, nimewaona kwa macho yangu.

DAKTARI: Wanakula, na imepimwa hapa hapa Kenya. Watafiti wa ICIPE, kile kituo cha wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, waliwaachia kuku wa kienyeji wazunguke kati ya ng'ombe wenye kupe huko magharibi, kisha wakawafungua matumbo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Kuku mmoja alikutwa na kupe 3, mwingine 331. Kwa wastani ilikuwa 81 kila mmoja.

MZEE: Themanini na moja! Basi tununue kuku.

DAKTARI: Nunua, Mzee. Lakini kuku anamla kupe anayemwona: aliyejaa damu kwenye mwili wa ng'ombe, au aliyedondoka kwenye ardhi tupu. Mdogo aliyejificha kwenye majani makavu chini ya miti hamwoni, na kuku wa Mwalimu hawaingii huko, wanamwogopa mwewe. Tena kuku ana kupe wake mwenyewe, yule laini anayejificha kwenye nyufa za banda mchana na kumnyonya usiku. Ukiwaweka kuku na mbwa banda moja umejiongezea kazi.

Hapa Mwalimu angeweza kukata tamaa, lakini nadhani ndipo hoja yake inapopata nguvu, kwa sababu ya thageti. Ni mboga ambayo Waswahili wanaiita mgagani na Wakisii chinsaga, na huku inauzwa sokoni kwa mafungu. Mwaka 1992 watafiti hao hao walichapisha kwamba majani yake yanawafukuza na kuwaua kupe, na kwamba pale inapoota kwa wingi hawakuwapata kupe kwa umbali wa mita 2 hadi 5 kutoka kwenye mimea. Miaka mitatu baadaye nyasi iitwayo Melinis minutiflora, yenye vinyweleo vinavyonata na harufu nzito, ilionyeshwa kumfukuza kupe wa sikio wa ng'ombe. Wakulima wa mahindi wanaijua: ni mojawapo ya mimea ya kilimo cha vuta-sukuma, inayopandwa kati ya mahindi ili bungua akimbie. Kwa hiyo mtu mwenye miti anaweza kupanda ukanda wa nyasi hiyo na tuta la thageti mahali ambapo miti inaishia na uwanja unaanzia, apate kinga, mboga na malisho kwa jembe moja. Sijui kwa nini jambo hili halifundishwi kwenye kila mkutano wa wafugaji.

MZEE: Harufu itamfukuza kupe wa nyasini. Huyu aliye kwenye sikio la mbwa je?

Swali la Mzee ni zito kuliko linavyosikika. Mshike mbwa, ukunjue sikio lake kwa ndani, pale ngozi inapokunjika karibu na shimo. Utaona wadogo wa kahawia, bapa, wamejipanga ukingoni, na mmoja au wawili wa rangi ya kijivu waliovimba kama punje za maharagwe. Hao ni majike waliojaa damu. Angalia pia kati ya vidole vya miguu, kwapani, chini ya mkia. Kisha nenda ukaangalie ukuta wa banda, juu, kwenye ufa kati ya mbao na nguzo. Wapo na huko.

DAKTARI: Sote watatu tumekuwa tukisema "kupe" kana kwamba ni mmoja. Kwa Mwalimu wapo angalau watatu. Kuna kupe wa kahawia wa sikio, wa ng'ombe, anayeleta ndigana kali. Huyo ni wa nyasi na kivuli. Anapanda kwenye jani, ananyoosha miguu ya mbele ambako ndiko zilipo pua zake, anangoja mnyama apite. Kuna kupe wa njano wa mbwa, ambaye watoto wake wanalelewa na panya, kisha wakikomaa wanamdandia mbwa anapokwenda kuwinda vichakani. Huyo analeta babesia: mbwa anapata homa, ufizi unakuwa mweupe, mkojo mwekundu mzito. Na kuna kupe wa kahawia wa mbwa. Huyu hana haja na msitu. Katoto, kijana na mtu mzima wote wananyonya mbwa yule yule, na kila mmoja akishiba anashuka kujificha ukutani.

MWALIMU: Kwa hiyo nikifyeka msitu wote, huyo wa ukutani bado nitabaki naye.

DAKTARI: Utabaki naye, naye hatajua kama kuna mti uliokatwa.

Laiti maneno hayo yangebandikwa kwenye mlango wa kila agroveti. Watu wamekata miti mizuri kwa sababu ya kupe aliyekuwa analala kwenye gunia la mbwa.

Kuna njia rahisi ya kumjua uliye naye kabla hujatumia shilingi. Chukua shuka jeupe zito, lenye upana wa mita moja hivi, ulifunge kwenye fimbo, ulikokote polepole juu ya nyasi na majani makavu asubuhi umande ukishakauka. Kila hatua kumi ligeuze ulitazame. Kupe anayengoja mnyama atalidaka. Fanya hivyo kando ya njia, chini ya miti, kwenye nyasi fupi, karibu na rundo la kuni. Utashangaa jinsi wanavyokaa kwa mafungu: kwenye jua hakuna kitu, hatua tatu kivulini shuka lina vitone vyeusi vinavyotembea. Kama shuka linarudi safi na mbwa bado amejaa kupe, tafuta ukutani.

MZEE: Na ukishajua?

DAKTARI: Ukishajua, kumbuka kwamba kupe anakaa mwilini siku chache tu. Ukijumlisha milo yake mitatu ya maisha, ni kama wiki mbili tatu. Miezi yote iliyobaki yuko ardhini, na kupe wa sikio aliyekomaa anaweza kungoja bila kula zaidi ya mwaka. Wewe na pampu yako, Mzee, unapigana naye katika zile wiki chache tu.

MWALIMU: Ardhi ni yangu. Hapo naweza.

Anaweza kweli, na bila sumu. Kupe wa nyasi anakufa kwa kukauka. Mwondolee unyevu na umemwondolea uhai: kata nyasi za njiani ziwe fupi, fagia majani makavu kuzunguka nyumba uyapeleke kwenye mbolea, punguza lantana ya chini uiache miringa ya juu. Acha ukanda wa murramu au udongo mtupu, hata wa mita mbili, kati ya miti na banda. Inua kuni kutoka ardhini, kwa sababu panya wanaolala chini ya rundo ndio walezi wa kupe wa njano. Zungushia seng'enge sehemu nzito ya msitu ili mbwa wasiingie. Pongo na sungura wanaoshuka kutoka msitu wa Mlima Kenya wanaangusha kupe humo, na ua wa umeme ulioanza kujengwa mwaka 2012 kuzunguka mlima uliwekwa kwa ajili ya ndovu na nyati, haukuwekwa kwa ajili ya sungura.

Kwa kupe wa ukutani kazi ni nyingine. Ziba nyufa za banda kwa saruji au udongo. Mwaga maji yanayochemka kwenye mbao na pembe zake. Gunia la mbwa lichemshwe na kuanikwa juani kila wiki, kwa sababu jike aliyeshuka amejaa anahitaji siku kadhaa kabla hajaanza kutaga, na akitaga anaacha mayai kwa maelfu. Ukirudi kila wiki unamkuta bado hajatawanya.

MWALIMU: Na jioni nawatoa kwa mkono. Kila jioni. Hapo dawa ya nini tena?

DAKTARI: Hapo, Mwalimu, nitakupinga, na naomba unisikilize vizuri. Kwa ng'ombe, kuwatoa kila siku kunasaidia sana. Vijidudu vya ndigana kali vinahitaji kama siku tatu nne za kupe kunyonya ndipo vikomae kwenye mate yake. Ukimtoa siku ya kwanza umeokoa ng'ombe. Kwa mbwa si hivyo. Bakteria wa erlikia anaweza kupita kutoka kwa kupe wa kahawia kwenda kwa mbwa ndani ya saa 3 tu tangu aume. Ilipimwa na kuchapishwa mwaka 2013. Asubuhi mbwa wako anaumwa na kupe, saa sita mchana ameshaambukizwa, jioni wewe unakuja na kibanio.

MWALIMU: Saa tatu?

DAKTARI: Saa tatu. Na erlikia haina haraka. Mbwa anapata homa kidogo, anapona, unasahau. Baada ya miezi anakonda, anavuja damu puani. Zamani madaktari wa mifugo waliuita ugonjwa huo kwa jina la Nairobi, kwa sababu ya mbwa wa mji ule waliokuwa wakitokwa damu hivyo. Ukimleta mapema, doksisaiklini ya wiki nne inamponya. Ukichelewa, uboho wa mifupa umeshakufa.

MWALIMU: Kwa hiyo unaniambia nimtie sumu mbwa wangu.

DAKTARI: Nakuambia umvishe mkanda wa shingoni ule unaofukuza kupe kabla hajauma, unaodumu miezi. Dawa inabaki kwenye manyoya ya mbwa badala ya kumwagwa mtaroni. Ni tone dogo ukilinganisha na pampu ya kila wiki, na nyuki wako hawatalijua, mradi mbwa asiende kuoga mtoni nao. Lakini uliza muuzaji jambo moja kabla hujalipa: je, mkanda huu unafaa nyumba yenye paka? Dawa ya pamethrini inayomfaa mbwa inaweza kumuua paka. Ini lake haliwezi kuivunja. Ataanza kutetemeka, na anaweza kufa.

Mimi nasimama na Daktari hapa, ingawa moyo wangu uko kwa Mwalimu. Kukataa dawa yote kwa jina la asili kunamwachia mbwa gharama ya msimamo wetu, na yeye hakuulizwa. Vile vile nampinga kila anayeita "asili" zile tiba za uani: mafuta ya taa na oili chafu ya gari. Vyote vinaunguza ngozi, na mbwa anajilamba, anameza. Tumbaku iliyolowekwa inaua kupe, ni kweli, na ni sumu ya kutosha kumwangusha mbwa mdogo. Mmea wa utupa nao unaua samaki. Wazee waliutumia kuvulia. Kitu kuota shambani hakukifanyi kiwe salama. Kupe anatolewa kwa kibanio kilichoshikwa karibu kabisa na ngozi, kwa kuvuta polepole bila kukamua, kisha anazamishwa kwenye spiriti. Usimpasue kwa kucha: mwenye mbwa naye anaweza kupata homa ya kupe, ambayo kwenye vitabu vya tiba imebeba jina la Kenya.

MZEE: Mmemaliza mbwa. Mimi nina ng'ombe wawili, na mbwa wa Mwalimu wanapita kwangu.

DAKTARI: Ng'ombe wako uliowafungia zizini wako salama zaidi, Mzee. Utafiti uliofanywa kwa majirani zetu wa Murang'a miaka ya 1990 ulionyesha dalili za maambukizi zilikuwa chache kwa ng'ombe wa zizini kuliko wa malishoni. Ila ukikata nyasi ukingoni mwa msitu ukawaletea mbichi, umewaletea na kupe. Nepia ya shambani ni bora. Na ipo chanjo ya ndigana kali, iliyotengenezwa Muguga miaka ya sabini: ng'ombe anapewa vijidudu hai pamoja na antibiotiki ya kudumu, mara moja, basi.

MZEE: Nimeisikia. Mbona haiji huku?

DAKTARI: Kwa sababu inakaa kwenye naitrojeni ya maji, na mrija mmoja ni dozi 40. Ukiyeyushwa lazima utumike ndani ya saa chache. Siwezi kuufungua kwa ng'ombe wawili.

MWALIMU: Kutoka hapa hadi kwenye kituo cha maziwa hakukosekani ng'ombe 40.

MZEE: Wanafika. Shida ni kuwafanya wenyewe wakubaliane siku.

DAKTARI: Siku ninayo. Tunapochanja mbwa dhidi ya kichaa, watu wanakuja wenyewe, na mbwa wanaozurura wanaletwa na watoto kwa kamba. Hao ndio wanaobeba kupe wa ukutani kutoka boma hadi boma. Ukisafisha banda lako na wa jirani hajasafisha, ndani ya mwezi umerudi ulipoanza. Siku hiyo hiyo tungekagua masikio ya kila mbwa, na mrija wa ng'ombe ukafunguliwa mchana.

MWALIMU: Nitaleta shuka, wajifunze kulikokota. Na mbegu za thageti.

MZEE: Mimi nitapita kwa wenye ng'ombe. Wananijua tangu joshoni. Lakini Daktari, uniandikie bei ya dozi moja kwenye karatasi kabla sijaanza kugonga milango.